Kichujio kilichowaficha Wasukuma: kumbukumbu ya seva yetu, Mei hadi Julai

Mei 18. Seva yetu ndogo ya mtandao wa kijamii, inayowahudumia wakazi wa Kirumba na mitaa ya jirani hapa Mwanza, imetimiza miezi minne, na matapeli wameshaigundua. Inaendeshwa kwa Pleroma, programu huria niliyoichagua kwa kuwa haidai kompyuta kubwa, na kupitia ActivityPub, itifaki (kanuni za mawasiliano) ambayo seva za namna hii hubadilishana machapisho kwayo, inapokea machapisho ya seva nyingine, zikiwemo za Mastodon, programu nyingine ya aina hiyo. Kuzifungia seva za nje zinazojulikana kwa uchafu ilikuwa kazi ya jioni moja, kwani unaandika majina yake kwenye mipangilio na machapisho yake hayaingii tena. Kigumu ni matusi na utapeli wa Kiswahili unaoandikwa na watu waliojisajili kwetu wenyewe.

Juni 2. Nimewasha kichujio cha maneno. Pleroma humpa msimamizi njia tatu: chapisho lenye neno lililokatazwa likataliwe, neno lenyewe libadilishwe, au chapisho liondolewe kwenye ukurasa wa wote huku wafuasi wa mwandishi wakiendelea kuliona. Nimeichagua hii ya mwisho nikidhani ndiyo ya upole. Orodha ina maneno kumi na moja, la kwanza likiwa tusi la herufi nne ambalo sina haja ya kuliandika hapa.

Juni 14. Leo asubuhi mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, ambaye pia ni mwanachama wa kikundi cha ngoma, amenisimamisha kati ya magunia. Sikuwahi hata kumaliza shikamoo.

“Mwanangu, tangazo letu la Bulabo umelitupa wapi? Nimeliandika mara tatu.”

Kwenye simu yake lilikuwepo, lakini kwenye simu ya jirani yake, ambaye hamfuati, halikuonekana. Tangazo hilo la Bulabo, sherehe ya ngoma ya Wasukuma, lilisema kwamba wachezaji wa Bagika na wa Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, watakutana Bujora, na liliwataja Wasukuma mara mbili. Nilihitaji dakika nzima kuziona herufi nne za mwisho za jina la kabila kubwa kuliko yote nchini, tena katika mji ambao Wasukuma ndio wenyeji.

Juni 15. Nimepitia kila kilichofichwa tangu tarehe 2. Kati ya machapisho 64, yenye tusi kweli ni matatu. Mengine ni ya watu waliosukuma mikokoteni, waliotaka kumaliza deni, au walioeleza walichotaka kumaanisha. Kosa ni langu, kwa kuwa nililiandika tusi kama mfuatano mtupu wa herufi, na kichujio huutafuta mfuatano huo popote, hata katikati ya neno. Wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, walikutana na balaa la namna hii mwaka 1996, kampuni ya intaneti ya AOL ilipowazuia kujisajili kwa sababu ya herufi zilizo ndani ya jina la mji wao.

Dawa inayopendekezwa kwa kawaida ni kuweka mpaka wa neno pande zote mbili, yaani alama inayokiambia kichujio kwamba neno lazima lianzie na liishie hapo. Kwa Kiingereza huenda ikatosha, lakini kwetu haitoshi, kwa sababu tusi hilo mara nyingi huunganishwa na neno linalomtaja mama wa mtu, likawa neno moja refu lisilo na mpaka upande wa kulia. Ukiuondoa mpaka huo wa kulia, Wasukuma wanapona lakini “kumaliza” inanaswa tena. Baada ya majaribio mengi, na umeme kukatika mara mbili, nimeweka mpaka wa kushoto, na upande wa kulia nimeruhusu mambo mawili tu: neno liishie hapo, au lifuatwe na mojawapo ya viunganishi hivyo vya kumtukana mama. Tangazo la Bulabo limerudi kwenye ukurasa wa wote.

Julai 6. Utapeli hauna neno moja la kukamatwa. “Ile hela tuma kwa namba hii” hugeuka kesho kuwa “nitumie”, “itume” au “mtumie”, na mzizi wenyewe umo ndani ya “tumaini”, “tumbo” na “matumizi”. Namba ya tarakimu kumi inayoanza na 06 au 07 nayo si ushahidi, kwa maana kila muuza sangara huandika yake. Kwa hiyo nimeandika programu ndogo, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, inayotoa alama kwa kila dalili, ikiwemo akaunti yenye umri usiozidi siku tatu, na alama zikitosha inatupelekea ripoti sisi wasimamizi wawili. Haifichi chochote, nimeshajifunza.

Julai 13. Wiki ya kwanza imeleta ripoti tisa. Sita ni utapeli na akaunti zake zimefungwa, na mbili ni za wauza samaki. Ya tisa ilimhusu mtunza hazina wa kikundi cha upatu, aliyejisajili siku hiyohiyo na kuandika, neno kwa neno, “hela ya mchango tumeni kwa namba hii”. Tumeliacha chapisho lake, ila tulimpigia simu kwanza.