Vifaa vipya vya kuvulia na wastani unaodanganya

Sona, yaani mashine za kutafuta samaki kwa kutuma sauti majini na kusoma mwangwi wake, nyingi hutoka dukani zikiwa zimewashwa vile vikatuni vya samaki kwenye kioo. Vizime. Mashine ikipata mwangwi katikati ya maji hukisia kuwa ni samaki, hata kama ni mapovu. Kwenye mwangwi halisi, samaki anayepita chini ya chombo huchora upinde. Ukiwa umetia nanga naye katulia, huchora mstari mrefu, na wengi hudhani wamempata mkubwa.

Mwale wa sauti wa nyuzi 20 kwenye kina cha mita 30 hufunika duara lenye upana wa mita 10 na ushei, kwa hiyo samaki unayemwona "chini yako" anaweza kuwa mita 5 pembeni. Kihisi, kile kipande kinachotuma na kupokea sauti, kikifungwa karibu na panga la injini, mapovu huikata picha kila ukiongeza kasi. Watu huongeza usikivu wa mashine, na michirizi ndiyo inazidi. Sogeza kihisi.

Sona ya papo kwa papo ni habari nyingine kabisa. Kampuni ya Garmin iliingiza sona yake ya LiveScope sokoni mwaka 2018: inatazama mbele, na mvuvi anaona chambo kikishuka na samaki akikifuata au akikipuuza. Ongeza mota ya umeme inayoshikilia nukta ya GPS bila nanga, na jiwe dogo lililokuwa siri ya bahari sasa linarudiwa kila wiki. (Mota yenyewe sina ugomvi nayo, nanga huvunja matumbawe.)

Hapo ndipo usimamizi unapoyumba. Kanuni nyingi za uvuvi wa burudani huweka kikomo cha samaki kwa mtu kwa siku. Tuseme kikomo ni 5, na zamani mvuvi wa kawaida alirudi na 2. Kifaa kikimfikisha kila mmoja kwenye 5, mavuno yamekuwa mara mbili na nusu, na sheria haijavunjwa. Kuna baya zaidi: samaki wakipungua, waliobaki hukusanyika kwenye maficho yaleyale bora, sona inawapata, na wastani wa samaki wa kila mvuvi kwa siku haushuki. Msimamizi anayeutegemea wastani huo ataona mambo shwari hadi ghafla uporomoke. Kupiga marufuku kifaa kimoja kimoja naona ni kukimbizana na watengenezaji. Afadhali kufupisha msimu na kufunga mazalia.

Wavuvi hujitetea: "Lakini tunawarudisha." Chewa au changu aliyetolewa mita 30 ametoka kwenye shinikizo mara nne ya lile la juu ya maji, na hewa ya kibofu chake cha kuelea imetanuka kiasi hichohicho. Macho hutoka, tumbo hujitokeza mdomoni. Usilitoboe tumbo hilo. Ukimtupa hivyo ataelea na kuliwa na ndege. Chukua ndoana kubwa, saga kijino chake kinachoizuia kuchomoka, funga mshipi kwenye kipindo, pale inapojikunja, na uning'inize risasi kwenye tundu lake, ili ncha ielekee chini. Ichomeke kwenye taya la chini, mshushe mpaka karibu na sakafu, kisha vuta kwa nguvu: ndoana itachomoka. Risasi ikiwa nyepesi, samaki atakwama njiani, kwa hiyo kwa samaki mkubwa anzia kilo 2. Kifaa hiki kiwe tayari kabla ya kutupa chambo. Kukitafuta samaki akiwa juani ni kumuua.

Simu ingeweza kuwasaidia wasimamizi kuliko daftari za mahojiano ya gatini, ila programu za kuripoti zina tatizo moja kubwa: wanaojaza ni wavuvi hodari, na hujaza siku walizopata. Ripoti yenye maana huanza kabla ya kuondoka, ikitaja saa za kutoka na kurudi, idadi ya mishipi, waliobakizwa, waliorudishwa na kina walikotolewa. Isipofungwa, programu iulize tena jioni. Na sifuri iwe jibu linaloandikwa kwa kubofya mara moja, maana hakuna anayependa kuielezea.