Kutafuta mazutu Lac Vert

Motari alinichukua Birere, mjini Goma, tukashika barabara ya Sake, wavu wa kunasa viumbe vidogo vya majini mgongoni na chupa zikigongana ndani ya begi. Chukudu, zile baiskeli za mbao, zilitujia mfululizo zimebeba makaa. Nilipomwambia naenda kutafuta mazutu, yaani dizeli, ndani ya maji, kwenye mwani, vile vimea vidogo vya majini vinavyoweka mafuta, alicheka mpaka pikipiki ikayumba.

Kutoka Mugunga tulishuka kwa miguu. Kijana wa hapo alituzuia kupita njia ya bondeni: asubuhi, upepo ukiwa haujavuma, mazuku hulala mabondeni. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, na huua mbuzi na watu. Nami nikawaza, hiyo ndiyo chakula cha hawa ninaowatafuta! Mwani hukua kwa jua, maji na gesi hiyo.

Lac Vert, yaani Ziwa la Kijani, ni kreta ya volkano iliyojaa maji, na rangi yake inavuta macho. Nilivuta wavu nikajaza chupa, lakini kwa moyo mzito. Ukijani peke yake hauna maana. Mara nyingi maji yanayokolea hivyo yamejaa sianobakteria, bakteria wanaoishi kwa jua kama mwani, na wao hawaweki mafuta mengi. Mwani aitwaye Botryococcus ana mafuta tele, ila hukua polepole mno. Marekani, kati ya 1978 na 1996, ilikusanya aina zaidi ya 3,000 za mwani, ikabaki na takriban 300 zenye matumaini. Tena kuna mtego: ukiwanyima nitrojeni wanajaza mafuta, lakini wanaacha kuongezeka.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa Mugunga, uani kwa mama mmoja, kwenye tangi la saruji la maji ya mvua. Ukutani palikuwa na utando laini unaoteleza kama bamia. Chini ya hadubini yangu ndogo ya mkononi nikaona seli nne zimepangana ubavu kwa ubavu, za mwisho zikiwa na miiba: mwani aitwaye Scenedesmus. Huyu anavumilia joto na maji machafu, anakua haraka, na ni rahisi kufuga.

“Mama, naomba nikwangue kidogo.”

“Kwangua yote, mwanangu. Siku ya posho tungesugua tu.”

Nikajaza chupa tatu. Akaniongezea brashi, akanionyesha na ukuta wa pili.