Posta ya Sanquhar

Katika mji mdogo wa Sanquhar, kusini mwa Uskoti, ipo posta iliyoanza kazi mwaka 1712, nayo hutajwa kuwa kongwe kuliko zote duniani ambazo bado zinahudumia watu, ikiitangulia ile ya Stockholm iliyofuata mwaka 1720. Jengo lenyewe ni dogo, na mpita njia asiyekuwa na habari angeweza kulipita bila kugeuza shingo.

Kinachonivutia zaidi ya umri huo ni kwamba posta hii ilifanya kazi kwa miaka 128 kabla stempu ya kwanza ya kubandika haijatolewa Uingereza, mwezi Mei 1840. Katika miaka hiyo yote, gharama ya barua ilihesabiwa kwa umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa alikuwa mpokeaji, si mtumaji. Kwa kuwa hata bahasha ilihesabiwa kama karatasi ya pili, watu waliikunja barua yenyewe, wakaifunga kwa lakiri na kuandika anwani mgongoni mwake. Asiyekuwa na fedha aliikataa barua yake mlangoni, jambo ambalo, nakiri, bado linanisikitisha.

Leo wageni hufika na kadi zao ili zigongwe muhuri unaotaja ukongwe wa posta hiyo. Mimi ningeihesabu alama hiyo ya wino kuwa urithi sawa na kuta zenyewe, maana husafiri mbali kuliko jiwe lolote.