Nitaosha nikifika kwangu

Nina siku nne tangu nirudi na bado nalisikia. Nikichota maji nalisikia, nikiwa foleni ya benki nalisikia, usiku wa kuamkia jana nimeshtuka saa tisa nalisikia: "Osh ya. Osh, mi pikin. Osh ya." Basi acha niliandike, labda litanitoka.

Mnajua nilikuwa Freetown, Sierra Leone, kwa yale mafunzo ya majokofu ya chanjo yaliyoahirishwa mara mbili. Yamefanyika, yamekwisha, cheti nimepewa na jina wamelikosea. Wiki hiyohiyo shemeji kaoa bila mimi, Bosi Miwani katangaza kwamba anaacha kazi, na mkataba wangu umeongezwa miaka miwili. Hayo nitayasimulia nikipata moyo. Leo nina bibi mmoja tu.

Nilitoka Tanga mwezi huu wa tano masika yakiwa yanajikokota kwisha, nimeshachoka na viatu vyenye ukungu, nikadhani nakwenda kwenye jua. Kumbe kule ndiyo kwanza yanaanza. Mvua yao huingia Mei na haitoki mpaka mwaka ukaribie mwisho. Yule fundi mwenyeji wangu, nimwite Kaka Fundi, aliniambia hii ya sasa ni hodi tu, nisubiri Julai na Agosti. Nikapiga hesabu kichwani: miezi yao hiyo miwili hunyesha kupita mwaka mzima wa kwetu Tanga. Na hodi yenyewe si ya kistaarabu. Kwanza upepo, milango inajibamiza, mabati yanalia, watu wanakimbilia nguo kambani. Halafu radi huko juu milimani, nzito, inazunguka kama inatafuta pa kutokea. Halafu maji, nusu saa, utadhani mtu kakata kamba ya pipa. Halafu jua linatoka tena na kila kitu kinafuka mvuke. Mreno mmoja, Pedro de Sintra, alipita pwani ile mwaka 1462 akaiita milima ile ya simba. Wapo wasemao ni kwa umbo lake, wapo wasemao ni kwa ngurumo. Mimi niliyelala usiku wa kwanza chini ya bati niko na hao wa ngurumo.

Sasa turudi Jumatatu, maana ubaya ulianzia hapo. Mwendesha mafunzo alitaka kila mgeni ajitambulishe kwa neno moja la kwao. Mkenya akasema harambee. Mimi nikasimama, mnanijua nikipewa nafasi ya kusimama, nikawapa "pole". Nikawaeleza kuwa ukijikwaa unaambiwa pole, ukitoka kazini pole, ukifiwa pole, ukisafiri pole, na anayekuambia hajakukosea chochote. Ningeishia hapo! Nikaongeza, kwa Kiingereza changu cha ukumbini, kwamba neno hili halina mwenzake duniani, kwamba Wazungu wa mradi miaka yote hii hutuuliza "mbona unaomba radhi na hukunifanya kitu?", na kwamba labda ni sisi watu wa pwani tu tuliojaliwa kuwa na neno la kumbebea mwenzako maumivu yake. Watu kumi na wanane wa Freetown, Bo na Makeni wakanisikiliza kwa adabu. Mmoja akasema, "Ni neno zuri." Nikakaa nimejaa.

Jumatano tulishinda juu ya paa. Yale majokofu ni ya umeme wa jua na hayana betri, yanahifadhi baridi kwenye barafu, na yakiwa mazima hubaki kati ya nyuzi 2 na 8 hata siku tatu bila jua. Lakini paneli ikiwa chafu barafu haitoshi tangu mwanzo, na huko chafu ni chafu kweli: kuanzia Desemba unavuma upepo wa jangwani, hamatani, unaacha vumbi laini kama unga, kisha mvua ya kwanza inakuja na badala ya kulisafisha inaligeuza tope. Kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa nikipiga kelele za kuosha. Osha kwa maji matupu, usioshe kwa sabuni ya unga, usioshe jua likiwa kali. Kwa Kiingereza, ndiyo, lakini kichwani mwangu lilikuwa linapita la Kiswahili: osha, osha, osha. Naliweka hili mezani kama ushahidi wa utetezi.

Jioni nikashuka kwa miguu kutoka kwenye nyumba ya wageni kwenda kununua embe. Huko Mei ni msimu wa embe, unaamini? Nilivaa lile dera jeupe, si kwa maringo, nguo nyingine zote zilikuwa mbichi kambani tangu Jumapili. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, karibu na magharibi. Kile kinjia kinashuka kuelekea Wilkinson Road na udongo wake ni mwekundu, ukilowa unakuwa kama umepakwa mafuta. Mguu wa kulia ukaenda, wa kushoto ukaufuata, nikakaa kitako mbele ya vijana wa bodaboda (wao huziita okada) na mbele ya bibi mmoja muuza embe chini ya kibanda cha bati. Vijana hawakucheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Nikainuka. Dera nyuma lote jekundu. Na bibi yule akanyanyuka kwenye kigoda, ana buli la plastiki mkononi, lile la maji, ananinyooshea, na anasema:

"Osh ya! Osh, mi pikin. Osh ya."

Mimi nikasikia: Osha. Osha. Osha.

Nikamjibu. Kwa Kiswahili, kwa sauti, huku nimekunja uso: "Nitaosha nikifika kwangu, bibi. Kwani nimekuomba maji?"

Akashusha buli taratibu. Akasema mara moja tena, chini chini, "Osh," kisha akakaa. Mimi nikapanda kilima bila embe, nikimsema njia nzima. Watu wa huku, nikajisemea, mtu kaanguka hujamuuliza kaumia wapi, unamwambia akaoshe nguo!

Alhamisi asubuhi kifuniko cha jokofu kikambana vidole mwanafunzi mmoja. Chumba kizima, kwa pamoja: "Osh! Osh ya!"

Nikamgeukia Kaka Fundi. "Hiyo osh mnayomwambia ni nini?"

"Ni ile yako ya Jumatatu," akasema. "Pole."

Kumbe bibi alikuwa ananiambia pole, mwanangu. Nilihisi joto limenipanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Nikamuuliza kwa nini basi hawakuniambia siku ile, nilipokuwa najigamba mbele yao kama nimevumbua moto.

"Ulikuwa unaifurahia sana," akasema.

Tangu hapo nimeigeuza pande zote. Kiswahili hakukijua, kwa hiyo maneno hayakumfikia, najifariji. Lakini uso aliuona. Sauti aliisikia. Halafu usiku wa Alhamisi ndipo lilipokuja lile la buli, nikakaa kitandani: ilikuwa inakaribia magharibi. Yale hayakuwa maji ya kunawia tope. Yalikuwa maji ya udhu wake, alikuwa anataka kunigawia mimi maji yake ya udhu. Au labda hapana, labda buli hukaa pale siku zote. Lakini nikishaliwaza hili halirudi nyuma.

Nikampigia bi mkubwa. Kwetu ilikuwa saa saba za usiku, tumewatangulia saa tatu, lakini mnajua halali mpaka amalize uradi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kimya. Kisha: "Ulimjibu hivyo mtu mzima? Bibi wa watu?" Kimya tena. "Na dera limetoka?"

Dera halijatoka mpaka leo, kwa taarifa yenu.

Jumamosi ilikuwa siku yangu ya mwisho. Kaka Fundi akanipeleka kuona jokofu la zahanati moja huko juu, tukapita pembeni mwa Regent. Mvua ilikuwa imeanza kutonya. Akasimamisha gari na kunionyesha ubavu wa mlima Sugar Loaf, palipobaki kama pamechunwa. Tarehe 14 Agosti 2017, alfajiri, baada ya siku tatu za mvua, mlima ulimeguka ukashukia nyumba. Watu waliokufa na wasioonekana walipita elfu moja. Mama yake mdogo alikuwa akikaa pale. Alisema hayo kwa sauti ileile aliyotumia kunieleza waya wa sensa ya jokofu, kisha akakung'uta usukani kwa kidole, na nikaelewa kwa nini wiki nzima, kila ilipoguruma, wenzetu darasani waligeuza macho dirishani kwanza ndipo wakaendelea kuandika.

"Osh ya," nikasema.

"Tenki ya," akasema, akaondoa gari.

Hatukuongea mpaka mjini. Tulipita pale ulipokuwa ule msufi wao mkubwa, Cotton Tree, uliokuwemo mpaka kwenye noti zao na kuangushwa na dhoruba usiku wa tarehe 24 Mei 2023. Kimebaki kisiki. Mvua hizihizi za mwanzo, akasema. Za mwanzo ndizo zenye upepo.

Mchana akanipeleka kula. Kisamvu! Wanakisaga laini, wanakitia mawese, samaki mkavu na karanga, nazi sikuiona. Na matembele vilevile. Nilikula kama mtu aliyeambiwa ndugu zake wapo mji wa pili na hakuwahi kupewa habari. Nilikuwa nimeshapoa moyo kidogo. Nikamwambia, nipeleke kwa bibi.

Njiani nikajifunza maneno yangu kama mwari wa unyago. Tukamkuta. Kibanda kilekile, kigoda kilekile, buli pale chini. Nikapiga goti kama tunavyofanya kwetu, nikampa salamu ya Mungu akaitika, nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikasema kwa moyo wangu wote:

"Grani, osh ya."

Bibi akanitazama. Akaangalia embe zake. Akaangalia bati juu. Akageuka kuangalia nyuma ya kibanda, kisha akamuuliza Kaka Fundi kwa wasiwasi:

"Wetin apin?" Kumetokea nini?

Nami papo hapo nikajua nimefanya kosa lilelile ambalo kila mgeni wa Kizungu amenifanyia maishani: kukukanyaga mguu halafu kukuambia pole. Pole si samahani! Nimelieleza hilo mara mia kwenye semina. Maskini bibi alidhani nimemletea habari ya msiba.

Kaka Fundi alikuwa ameegemea gari, hajiwezi. Akamsimulia kisa chote, na nikaona pale alipofika kwenye dera maana alijigusa makalio. Bibi akacheka, akajipiga paja, akawaita wale vijana wa okada wasimuliwe upya. Kumbe wao walikumbuka. Bibi mwenyewe, aliniambia kupitia Kaka Fundi, hakukumbuka kabisa kama nilimjibu kitu. Watu wanaanguka hapo kila siku mvua ikianza, akasema. Alfajiri ile walishaanguka watatu.

Sijui kama alisema kweli au alikuwa ananisitiri. Mtu mzima wa kwetu angenisitiri. Nilinunua embe sita kwa bei kamili, hakunipunguzia hata kidogo, na mvua ikaanguka tukiwa tumebanana chini ya lile bati, mimi, yeye, Kaka Fundi na vijana wanne, kelele haziruhusu mtu kusema lolote. Alinisukumia kigoda nikakataa, akanisukumia tena, nikakaa. Nimekaa kwenye kigoda cha bibi wa miaka sabini na ushee huku yeye kasimama. Nalo hilo nimelala nalo.

Asubuhi boti ikatuvusha kwenda uwanja wa Lungi, mawimbi yakatupiga mpaka embe mbili zikapondeka.

Sasa niko kwenye kibanda changu, baba watoto kanitengea kazi zilizorundikana, na ya kwanza ni friza ya yule muuza samaki wa Chuda. Imerudi mara ya tatu. Nimeijaza gesi Jumatatu, leo haigandishi tena. Nimepaka povu la sabuni kwenye viungo vyote, mbele na nyuma, nimetazama kwa tochi, hakuna hata kipovu kimoja kilichovimba. Kesho anakuja na ndoo mbili za vibua. Gesi inatokea wapi?