Nilivyopunguza mtetemo wa injini kwenye pikipiki ya safari

Pikipiki yangu ina silinda mbili na kabureta mbili, vile vifaa vinavyochanganya hewa na mafuta kabla hayajaingia kwenye injini. Ikifika mizunguko 5,000 kwa dakika, mwendo wangu wa kawaida wa safari, vioo havionyeshi kitu na vidole vinakufa ganzi. Karibu kila mwendeshaji niliyemuuliza aliniambia nifunge vyuma vizito kwenye ncha za usukani. Sikuona haraka ya hilo. Vyuma hivyo haviigusi injini. Vinahamisha tu ile mizunguko ambayo usukani hutetema zaidi.

Kwanza nilitaka kujua mtetemo unatoka wapi. Kwenye barabara tupu, nikiwa katika mwendo ule ule unaokera, nilibana klachi na kufunga mafuta. Mtetemo ukiendelea, shuku tairi na rimu. Wangu ulikatika, kwa hiyo ni injini. Cheni niliipima, haikuwa na neno.

Bolti zinazoshika injini kwenye fremu nilizilegeza zote, injini ikiwa imeegemea jeki, ikakaa inavyotaka, ndipo nikazikaza kwa mpangilio na nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Mtetemo wa miguuni ulipungua. Wa mikononi ulibaki vile vile.

Dawa hasa ilikuwa kulinganisha kabureta. Moja ikivuta hewa kuliko mwenzake, silinda moja inabeba kazi ya mbili na injini inakwenda kwa kushtuka-shtuka. Anza na nafasi za valvu, yaani ule uwazi mdogo kati ya valvu na kinachozisukuma, kwa sababu zikiwa zimepotea, geji za kupimia mvuto wa hewa zitakudanganya. Injini ikiwa moto, nilifunga geji mbili za mvuto wa hewa, nikazungusha skrubu iliyo kati ya kabureta hadi mishale ikalingana, nikapiga resi kidogo, nikatazama tena. Weka feni mbele. Injini iliyosimama huchemka upesi kuliko unavyodhani. Baada ya hapo niliweza kusoma namba ya gari la nyuma kwenye kioo.

Mwisho nilibadilisha sproketi ya mbele, ile gia inayovuta cheni, kutoka meno 16 hadi 17. Mwendo uliokuwa ukidai mizunguko 5,000 sasa unadai kama 4,700. Gharama yake unaiona mlimani ukiwa na mizigo: lazima ushuke gia mapema. Tena, kama spidomita yako inasoma kutoka kwenye gia boksi, itaonyesha mwendo mdogo kuliko ule unaokwenda kweli.