Taa ya betri iliniwakia Gairo, kumbe betri ilikuwa nzima

Mwezi uliopita nilikuwa narudi Moro kutoka Dodoma na IST yangu, mke wangu pembeni na mtoto nyuma, tumeiacha Gairo kidogo tu ile taa nyekundu ya betri ikawaka. Wiki nzima kabla ya hapo ilikuwa inapepesa nikiruka tuta afu inazima yenyewe, nikawa nasema jumamosi naipeleka kwa fundi, jumamosi ikafika nikawa na mambo mengine. Safari hii ikawaka ikaganda.

Nikapaki pembeni, nikafungua boneti bila kuzima injini kuangalia mkanda wa feni. Hii alinifundisha baba mdogo, alikuwa dereva teksi, kwamba kwenye hizi Toyota ndogo mkanda mmoja ndo unazungusha altaneta, ile inayozalisha umeme na kuchaji betri, na wota pampu, ukikatika maji hayazunguki na ukilazimisha kutembea unaunguza silinda hedi, kwa hiyo kama mkanda haupo unazima hapo hapo hata kama uko porini. Wangu ulikuwepo, umekaza vizuri, na joto lilikuwa kawaida, nikaamua tuendelee. Nikazima AC na redio, nikachomoa chaji ya simu, tukashusha vioo mara moja tukaviacha hivo hivo maana navyo vinakula umeme. Taa hiyo maana yake betri haichajiwi, hapo gari inatembelea akiba ya betri tu, na betri yangu ni N40, kadogo, huku pampu ya mafuta, nozeli, plagi na feni ya rejeta vyote vinachota humo humo.

Tukafika Dumila. Hapo ndo nilikosea, mke wangu kashuka kununua vitunguu na mimi kwa mazoea nikazima gari. Kurudi nawasha, tiki tiki tiki, basi. Umeme wa kutembelea ulikuwa bado upo kidogo lakini wa kuzungusha stata haupo, ningeiacha inaunguruma labda tungesogea sogea.

Akaja fundi kijana, kasikia mlio tu akasema, "Bosi hiyo betri imekufa, mpya nnayo hapa laki na arobaini, dakika kumi unaondoka." Nikamwambia kaka ngoja, kabla sijatoa hela tupime. Mita alikuwa nayo kwenye boksi. Akafunga betri yake iliyochajiwa, kabla ya kuwasha inasoma volti 12.6, tukawasha ikashika mara moja, mita ikashuka 12.3, nikamwambia kanyaga mafuta, ikabaki 12.2. Altaneta ikiwa inachaji ulitakiwa uone 13.8 mpaka 14.4 hivi. Maana yake ningenunua hiyo mpya nayo ingeisha njiani kama ya kwanza. Yeye akataka kuhakikisha kwa kuchomoa temino ya betri gari ikiwa inaunguruma, nikamshika mkono, jamani hicho kipimo kiacheni kwa magari ya zamani, hizi za EFI, zinazopuliza mafuta kwa kompyuta, umeme ukiruka unaua kontroli boksi, yaani hiyo kompyuta, na hiyo ni bei nyingine kabisa. Lakini kijana muelewa, alipoona namba alikubali, tukapatana aniazime ile betri, niache yangu na elfu 30, nikifika namrudishia kwa basi. Tukaingia Moro kabla jua halijazama, safari hii sikuzima popote.

Kesho yake nikaenda kwa fundi umeme wa mtaani kwetu, mzee mmoja makini sana, japo naye alianza na kunipa bei ya altaneta yusidi, laki na nusu. Nikamuomba, mzee wangu, kwanza tuitafute shida ilipo. Akapima pale waya mnene unapofungwa kwenye altaneta, tukapata namba sawa na ya betrini, kwa hiyo waya na ile fyuzi kubwa ni vizima. Soketi ndogo ya nyuma umeme unafika. Basi ugonjwa uko ndani ya altaneta yenyewe. Akatoa temino ya negativu kwanza, akaishusha, kufungua tu kifuniko cha nyuma tukaona kaboni, vile vipande viwili vinavyopitisha umeme kwenye ringi zinazozunguka. Zikiwa mpya zinachomoza karibu sentimita nzima, zangu moja ilibaki kipande hata kugusa ringi inagusa kwa kubahatisha, ndo maana kwenye tuta taa ilikuwa inapepesa, gari ikirushwa kaboni inaachia afu inagusa tena! Gari imetembea kilomita zaidi ya 210,000 na hazijawahi kubadilishwa, zimefanya kazi yake.

Kaboni mpya elfu 10, ufundi elfu 25. Alisafisha ringi kwa msasa laini, akazungusha kwa mkono kusikiliza bearingi, zinateleza bila kelele, akafunga. Kuwasha, taa ikazima, mita 14.2. Nikawasha taa kubwa, AC na feni ya ndani vyote kwa pamoja, ikakaa 13.9, nikashusha pumzi.

Betri yangu ililetwa na basi siku ya pili. Nilimuomba mzee aichaji taratibu usiku kucha na chaja yake, sikutaka altaneta ndo ianze kazi na betri tupu. Asubuhi nikaiacha masaa kadhaa ndo nikapima, 12.6. Ndo hiyo hiyo niliyoambiwa Dumila imekufa, na leo asubuhi imewasha gari mara moja tu.