Ringi ikikatika bila mtu kujua: barua pepe za tahadhari kwenye swichi za kiwandani

Swichi ya mtandao ya kiwandani, kifaa kinachounganisha mashine na kompyuta ziwasiliane, ikifa kabisa, huhitaji barua pepe. Skrini za chumba cha kontroo zinajaa alama za kukosa mawasiliano, mikanda inasimama, na kabla hujavaa kofia ya usalama simu imeshaita: "Shikamoo kaka, huku upakiaji kila kitu chekundu." Hitilafu ya namna hiyo inajitangaza. Ninayoiogopa mimi ni ile isiyojitangaza, na kwa ajili yake sisaini makabidhiano ya mradi wowote mpya kabla sijaona swichi zinatuma barua.

Nafanya kazi ya umeme na udhibiti kwenye kiwanda cha saruji. Mtandao wetu umefungwa kwa ringi: faiba inatoka chumba cha kontroo, inapita kinu cha malighafi, inapanda mnara wa kupashia joto, inashuka kwenye kilni (tanuri la bomba linalozunguka), inaenda maghala ya klinka (mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji) na upakiaji, halafu inarudi ilikotoka. Swichi ni za Moxa, zimepachikwa kwenye reli ya DIN ndani ya paneli, na zinalindana kwa Turbo Ring, mfumo wa Moxa wa njia ya akiba. Kipande kimoja cha faiba kikikatika, njia ya akiba inafunguka ndani ya milisekunde 20. PLC, kompyuta ndogo zinazoendesha mashine, hazishtuki, opereta haoni kitu. Umeme nao ni hivyo hivyo: kila swichi ina miingilio miwili ya volti 24, pawasaplai moja ikiungua nyingine inabeba mzigo.

Kwa hiyo hitilafu ya kwanza haimuumizi mtu, na isiyomuumiza mtu hairipotiwi. Ringi iliyokatika mahali pamoja imeshakuwa mstari, ila kwenye skrini rangi ni kijani tupu. Taa ya umeme wa pili imezimika, lakini iko ndani ya paneli iliyofungwa kwa ufunguo, kwenye vumbi, ghorofa ya nne ya mnara. Inaweza kukaa hivyo miezi. Siku kipande cha pili kinakatika, nusu ya kiwanda inapotea kwa mpigo, na watu wanaanza kuuliza mbona tuliambiwa mfumo una akiba. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walishasema.

Kilni haitaki kusimama hovyo. Klinka inaiva kwenye nyuzi joto kama 1,450 za Selsiasi. Bomba likisimama likiwa na moto na lisipozungushwa polepole kwa mota ya akiba, linapinda kwa uzito wake. Kwa hiyo barua moja ya mistari mitatu inayosema "umeme wa pili umekatika" ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana inakupa nafasi ya kubadilisha pawasaplai mchana, ukiwa umetulia, kilni ikiendelea kuzunguka.

Sasa kazi yenyewe. Ukiingia kwenye ukurasa wa swichi kwa kivinjari, sehemu ya tahadhari ina orodha mbili. Ya kwanza ni matukio ya swichi nzima: kuwaka upya, umeme kuondoka au kurudi kwenye mwingilio mmojawapo, mipangilio kubadilishwa, mtu kukosea nywila, na ringi kubadili njia. Hizo naziwasha zote, maana ni chache na kila moja ina maana yake. Ya pili ni ya poti (tundu la kuchomeka waya) moja moja, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanaweka tiki kila mahali. Kesho yake kila kompyuta mpakato inayochomolewa kwenye paneli inaleta barua, wiki haijaisha kila mmoja amezipeleka kwenye folda asiyoifungua. Mimi naweka tahadhari ya kukatika kwa kiungo kwenye poti za ringi, poti za PLC na poti za seva, basi. Poti ya printa ya ofisi ya zamu haihusiki. Tahadhari ya trafiki kuzidi naiweka kwenye poti za ringi tu, na unatakiwa ujaze asilimia ya kikomo na muda wa kupima. Ukiacha sifuri haifanyi kazi.

Kitu kingine kidogo ambacho watu wanakipita: jina na mahali pa swichi. Kwenye modeli tunazotumia, mtumaji wa barua anaundwa kwa jina la swichi, alama ya @, kisha mahali ilipo. Usipogusa kitu, barua inatoka kwa jina refu la kiwandani lenye namba ya utambulisho ya kifaa (serial number), na aliyepo zamu ya usiku haelewi aende wapi. Sisi tunaandika SW07 kama jina na mnara-ghorofa4 kama mahali. Fundi anasoma jina la mtumaji tu, anachukua ngazi. Usiache nafasi katikati ya maneno, itaharibu anwani.

Hapo hapo ndipo linapozaliwa tatizo la barua kukataliwa. "mnara-ghorofa4" si domeni inayojulikana duniani, na seva nyingi za barua hukataa mtumaji wa namna hiyo. Ongeza na umri wa vifaa. Swichi za kiwandani hukaa miaka kumi na zaidi, fimwea yake, yaani programu ya ndani, ilitungwa wakati barua zilipita poti 25 (hapa poti ni namba ya njia ya huduma, si tundu la waya) bila usimbaji wowote. Huko nje mambo yamebadilika: matoleo 1.0 na 1.1 ya TLS, itifaki ya usimbaji, yalistaafishwa rasmi Machi 2021, na tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kufunga njia ya programu kuingia Gmail kwa jina na nywila ya kawaida. Swichi zilizokuwa zikituma moja kwa moja zikanyamaza, na kwa kuwa barua ya tahadhari haina ratiba, hakuna aliyeshangaa kutoiona.

Ninachopendekeza, na nimekisimamia kwenye mikutano hadi kikakubalika, ni kuweka kompyuta ndogo ya Linux yenye Postfix, programu ya kupeleka barua, kwenye DMZ, yaani eneo la kinga kati ya mtandao wa kiwanda na mtandao wa ofisi. Swichi zinaipelekea barua kwa poti 25, bila nywila, ndani kwa ndani. Postfix inakubali kutoka kwenye anwani za usimamizi wa swichi pekee, unaziandika kwenye mpangilio wake wa mynetworks. Inabadilisha anwani ya mtumaji iwe ya domeni halali ya kampuni kwa mpangilio wa smtp_generic_maps, halafu inaipeleka seva ya nje kwa poti 587 ikiwa imesimbwa, kwa nywila inayotunzwa sehemu moja tu. Ukitumia Gmail, hiyo ni nywila ya programu, yenye herufi 16. Kwenye kubadilisha anwani, hakikisha SW07 inabaki kwenye jina jipya, vinginevyo barua zote zitaonekana zimetoka sehemu moja.

Faida yake haiishii kwenye usimbaji. Hakuna swichi inayogusa intaneti, na mtu wa usalama wa mtandao anafungua njia moja tu kwenye fayawoli. Na intaneti ikikatika, Postfix inaishika barua kwenye foleni na kujaribu tena. Kwa mipangilio ya kawaida inafanya hivyo hadi siku 5. Swichi yenyewe haina uvumilivu wa namna hiyo.

Weka na NTP, huduma ya kulinganisha saa kwa mtandao. Swichi ikiwaka upya bila saa sahihi, barua inakuja na tarehe ya ajabu, na huwezi kulinganisha na rekodi za SCADA, mfumo wa skrini za chumba cha kontroo. Elekeza saa kwenye ile ile kompyuta ya Postfix, saa za Afrika Mashariki, UTC+3.

Kuna barua ambayo haitakuja kamwe: ya swichi iliyopoteza umeme wote. Iliyokufa haiandiki. Itakayoandika ni jirani yake, ikisema poti ya ringi imekatika, na majirani wawili wakiandika kwa pamoja unajua aliye katikati ndiye mgonjwa. Wafundishe watu wa zamu kusoma hivyo, watafika kwenye paneli sahihi mara ya kwanza. Na usiache relei ya swichi, mguso wa umeme wa kutoa alamu, bila kazi. Ivutie waya mbili hadi kwenye ingizo la PLC, alamu itokee kwenye skrini ya opereta. Barua ni ya wale walio nje ya chumba cha kontroo. Aliye ndani anatakiwa aone nyekundu mbele yake.

Nafasi za anwani za wapokeaji ni nne. Usizijaze majina ya watu, kwa sababu watu huhama na huenda likizo. Tumia anwani ya kundi la zamu na anwani ya kundi la wahandisi, uongeze na kupunguza watu huko kwenye seva ya barua.

Mwisho ni kupima, na kitufe cha kutuma barua ya majaribio hakitoshi. Kinathibitisha njia ya barua, hakithibitishi tukio. Chomoa faiba ya ringi upande mmoja, subiri barua, rudisha. Kisha zima breka ya pawasaplai ya pili. Barua ikija, sawa. Isipokuja na swichi bado inawaka, fungua paneli uangalie terminali za umeme: mara nyingi utakuta aliyefunga ameruka kwa jampa (kipande cha waya) kutoka mwingilio wa kwanza kwenda wa pili, miingilio yote miwili inakula kwenye pawasaplai moja. Swichi inaona umeme mara mbili, wewe una umeme mmoja. Itoe hiyo jampa, vuta waya kutoka breka nyingine, upime tena.